Wanawake Waliomba Siku Yao

Bismillahi Rahmani Rahim.



Kuanzia Mfungo Sita, inshaallah, gazeti letu litakutana na wasomaji wake uso kwa uso. Vimepangwa vikao vinne, kimoja kila mwezi hadi Mfungo Tisa: cha kwanza Ukunda, cha pili Msambweni, cha tatu Kwale mjini, na cha nne ni ziara ya Diani na Gazi. Kila mwanachama amekaribishwa pamoja na watu wa nyumbani kwake, wala hapana kiingilio. Tarehe zitatangazwa katika ukurasa wa matangazo kila mwezi utakapoandama.

Baadhi ya wanaume waliokwisha kuzipata habari hizi wameuliza swali moja. Mbona vikao ni vya Jumapili mchana, baada ya Adhuhuri hadi kabla ya Alasiri? Mbona si usiku baada ya Isha, kama tulivyozoea katika mihadhara? Swali hili ni zuri, na jawabu lake ndilo makala hii. Kwa ufupi, gazeti hili limejiita gazeti la familia, na familia haijatimia katika kikao ambacho mama wa nyumba hawezi kufika, au akifika hawezi kusikia, au akisikia hawezi kuuliza.

Ombi lililokubaliwa

Jambo hili si jipya, wala halikuletwa na mambo ya leo. Imepokewa kwa Abu Said al-Khudri (r.a.), katika Sahihi ya Imam Bukhari, ya kuwa wanawake wa Madina walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamshitakia kwamba wanaume wamewashinda katika kumpata yeye, na wakamwomba awawekee siku yao. Mtume hakuwaambia wawategemee waume zao wawapelekee habari nyumbani. Aliwaahidi siku, akakutana nao siku hiyo, akawawaidhi na kuwaamrisha.

Tutazame yaliyotokea katika kikao hicho. Mtume (s.a.w.) aliwaambia kwamba mwanamke aliyefiwa na watoto watatu, watoto hao watakuwa kinga yake na Moto. Mwanamke mmoja akauliza, je, na aliyefiwa na wawili? Mtume akajibu ya kuwa na wawili pia.

Ndugu msomaji, tulifikiri neno hilo. Ni mama wangapi wa Vanga, wa Msambweni na wa Tiwi waliozika watoto wawili na wakapata kitulizo kwa hadithi hii? Kitulizo hicho kilipita katika mdomo wa mwanamke aliyekuwa amekaa mahali pa kusikia na akapewa nafasi ya kuuliza. Lau angekuwa nyuma ya ukuta, mbali na sauti, swali lake lingebaki kifuani mwake, nasi tusingelipata jawabu lake.

Hadithi ya pili ni ya siku ya Idi, naye aliyeipokea ni Ibn Abbas (r.a.). Mtume alipokwisha kuhutubu, aliona kwamba wanawake hawakusikia. Akatoka mahali pake, akaenda hadi walipo, pamoja na Bilal, akawawaidhi na kuwahimiza sadaka. Wanawake wakawa wanavua vipuli na pete zao, na Bilal anapokea katika nguo yake. Angalia adabu iliyomo humo. Mtume hakuwalaumu kwa kuwa mbali. Alihesabu kuwa ni juu ya msemaji kuhakikisha maneno yake yamefika, akanyanyua miguu yake. Leo tuna spika na nyaya, tena hatuna haja ya kunyanyua mguu, na bado upande wa kina mama hausikii kitu ila mngurumo.

Gazeti na darsa ni ndugu

Huenda mtu akasema kwamba gazeti ni la kusomwa, basi la nini kukusanya watu? Jawabu lake limo katika historia yetu wenyewe hapa Pwani.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891, ndiye aliyewafungulia Waislamu wa Pwani mlango wa magazeti. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah, lililoandikwa kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwazindua watu juu ya elimu, juu ya kuacha uvivu na israfu, na juu ya wajibu wa kuwasomesha watoto wa kike kama wanavyosomeshwa wa kiume. Makala zake nyingine zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Lakini Sheikh Al-Amin hakuiacha karatasi isafiri peke yake. Aliandika na akasomesha, na wanafunzi wake walikaa mbele yake wakimuuliza. Mwaka 1937 alishika ukadhi mkuu wa Kenya, akaendelea nao mpaka alipofariki mwaka 1947.

Katika wanafunzi wake walikuwamo Sheikh Muhammad Kassim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, ambao wote wawili walikuja kuwa Makadhi Wakuu wa Kenya baada yake. Sheikh Farsy ndiye aliyetuachia tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili, iliyotoka kamili mwaka 1969 na ambayo mpaka leo imo katika rafu za nyumba nyingi za Kwale. Naye pia alikuwa mtu wa kalamu na mtu wa darsa kwa pamoja. Wanazuoni hawa walijua kwamba maandishi humfikia aliye mbali, na kikao humwezesha aliye karibu kuuliza. Kimoja bila ya kingine ni kama chombo chenye tanga kisicho na usukani.

Iko sababu nyingine ya kukutana, na hii yahusu mabibi zetu. Wako wazee wa kike katika vijiji vyetu waliohitimu msahafu wangali wadogo, nao huzisoma herufi za Kiarabu bila ya kukwama, lakini herufi hizi za gazeti hawakusomeshwa. Gazeti likiingia nyumbani, bibi hungoja mjukuu atoke shule amsomee, na mjukuu akichoka habari huishia katikati. Katika kikao, bibi huyu ni msikilizaji sawa na mwalimu wa shule. Kwa hivyo tunamwomba kila mwanachama aje na mtu mmoja asiyelisoma gazeti hili: jirani, wifi, mama mkwe, au binti wa kazi.

Kijikaratasi cha mtoto

Nitataja jambo nililoliona katika darsa moja ya usiku, katika kijiji kimoja cha kusini, miaka michache iliyopita. Somo lilikuwa juu ya mirathi. Wanaume walikuwa ndani, na kina mama wamekaa nje kwenye mikeka, nyuma ya ukuta. Katikati ya somo aliingia kijana wa miaka minane hivi, akanipa karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mama mmoja aliuliza kama mjane aweza kutolewa katika nyumba ya marehemu kabla ya eda kwisha. Nikajibu. Baada ya dakika chache kijana akarudi na karatasi ya pili, kwa kuwa jawabu la kwanza lilizaa swali jingine: mahari ambayo marehemu hakuyalipa yanahesabiwa wapi? Nikajibu tena. Watu wakangoja karatasi ya tatu, haikuja. Somo lilipokwisha niliambiwa kwamba kijana alilala, na mama yake amembeba amekwenda zake, kwani ilikuwa yapata saa nne na nyumbani ni mbali.

Sikupata kujua swali la tatu lilikuwa lipi. Lakini maswali mawili ya kwanza yalikuwa na mpango, na mtu mwenye kuuliza kwa mpango namna hiyo haulizi kwa kujifurahisha. Huyo alikuwa na jambo lake mkononi.

Vikao vyenyewe

*Cha kwanza ni Ukunda, Mfungo Sita: sira ya Mtume.* Huu ni mwezi wa uzawa wa Mtume wetu (s.a.w.), na ni mwezi ambao Pwani nzima husikika dufu na qasida. Wanazuoni wana rai zao juu ya namna ya kuuadhimisha, nasi hatukukusudia kuamua baina yao hapa. Lililo hakika kwa wote ni kwamba kuijua sira ni jambo la kheri. Sayyid Mansab wa Lamu aliitia Maulidi ya Barzanji katika mashairi ya Kiswahili, na faida yake ni hiyo hiyo tunayoitafuta sisi: msikilizaji afahamu kinachosomwa. Kikao kitakuwa na mlango mmoja tu wa sira, nao ni maisha ya Mtume nyumbani kwake: alivyoshona nguo yake, alivyowasaidia watu wa nyumbani, alivyokaa na Bibi Khadija (r.a.) na alivyomkumbuka baada ya kufa kwake. Baada ya mawaidha, qasida zitasomwa na wanafunzi wa madrasa, wa kiume na wa kike.

*Cha pili ni Msambweni, Mfungo Saba: mirathi na shamba.* Hiki naona ndicho kizito kuliko vyote. Wazee wa Kidigo wanakumbuka desturi ya kale, ambayo mali ya mwanamume aliyekufa iliwaendea wana wa dada yake. Uislamu ulipoenea kwa wingi katika vijiji vyetu, mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, sheria ya mirathi ilikuja pamoja nao, na magomvi baina ya wana na wapwa yakaendelea miaka mingi. Leo desturi ile imepungua nguvu, lakini mahali pake pameingia jingine: wanaume wa ukoo huligawa shamba, na mjane huambiwa asubiri.

Hesabu ya Mwenyezi Mungu haina "subiri." Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, na mahari yasiyolipwa ni deni kama madeni mengine. Kisha hutolewa wasia usiozidi thuluthi. Kinachobaki ndicho hugawiwa. Mke ana thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Chukua mfano wa mtu aliyeacha mke, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja, na wazazi wake wametangulia. Mali iliyobaki ni minazi 24. Mke atachukua minazi 3. Iliyobaki ni 21, mwana atachukua 14 na binti 7. Mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya hesabu hii, basi mtu mzima ana udhuru gani wa kuificha?

Mwalimu atakayesomesha atafafanua pia mahakama ya Kadhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, inaipa mahakama hiyo uwezo katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Wako kina mama wanaodhani kwamba mlango wa Kadhi hufunguliwa na mwanamume tu, au kwamba kwenda huko ni kuuvunja ukoo. Kudai haki aliyoipanga Mwenyezi Mungu hakuvunji ukoo, kwani unaovunja ukoo ni dhulma. Mwenye jambo lake aje na nakala za cheti cha ndoa, cheti cha kifo na hati ya shamba kama ipo, ili aelekezwe pa kuanzia. Mambo ya watu hayatasomwa hadharani.

*Cha tatu ni Kwale mjini, Mfungo Nane: alasiri ya tungo.* Kikao hiki ni cha utamaduni. Kitaanza kwa wakati ule ule wa baada ya Adhuhuri, na baada ya swala ya Alasiri kitaendelea kidogo kwa wenye nafasi. Utasomwa utenzi aliouandika Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake. Watu wengi wamezoea kuutaja utenzi huo kwa wasia wake juu ya mume, lakini wachache huzingatia kwamba mwandishi wake ni mwanamke aliyeijua dini, aliyeijua lugha na aliyejua kwamba maneno yake yataishi baada yake.

Wala hakuwa peke yake katika umma huu. Zama zake, kule Sokoto, alikuwako Nana Asma'u, binti wa Sheikh Usman dan Fodio, aliyefariki mwaka 1864. Yeye alitunga mashairi ya kufundishia dini, akawafundisha wanawake, nao wakaenda vijijini kuwasomesha wanawake wenzao majumbani mwao. Bahari na majangwa yalikuwa baina ya Pate na Sokoto, na wanawake hawa wawili hawakujuana, lakini kila mmoja alishika njia ile ile: ushairi uwe chombo cha elimu kwa mwanamke asiyeweza kusafiri kuifuata.

Baada ya utenzi, uwanja ni wa wasomaji. Mwenye shairi lake alilete, liwe la Kiswahili au la Kidigo. Mabibi watatoa ngano. Na kwa sababu ushairi wa kina mama wa Pwani umeandikwa pia katika leso, kila mama aje na leso moja aipendayo, aeleze aliipata vipi na maandishi yake yana maana gani kwake.

Asidhani mtu kwamba michezo na furaha ya halali ni jambo lililo nje ya dini. Siku ya Idi, Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini, na Mtume (s.a.w.) alimsitiri Bibi Aisha (r.a.) kwa nguo yake huku akitazama mpaka akatosheka mwenyewe.

*Cha nne ni ziara ya Diani na Gazi, Mfungo Tisa.* Hiki peke yake kitaanza asubuhi. Tutakwenda kwanza katika msikiti wa Kongo, mwisho wa kaskazini wa ufuo wa Diani, pale mto Mwachema unapoingia baharini. Ni msikiti wa mawe wa karne nyingi, katikati ya mibuyu, na mpaka leo unasaliwa. Watoto wetu wanaijua Diani kwa mahoteli yake. Waione pia kwa msikiti huu, wajue kwamba kabla ya watalii kulikuwa na watu walioadhini hapa.

Kisha tutakwenda Gazi, iliyokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza miaka ya 1895 na 1896 kabla ya kuvuka mpaka kuingia katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani. Huko tutaingia katika mikoko. Kina mama wa Gazi wamejenga njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, nao hupata riziki kwa wageni wanaokuja kuiona. Tangu mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni wanauhifadhi msitu huo kwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao huuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko, na fedha zake husaidia maji na shule. Wanetu waone kwa macho yao kitu kilichopatikana kwa sababu watu wa kijiji kimoja, wake kwa waume, walikaa pamoja wakashauriana.

Wanaopinga tuwasikie

Wako ndugu watakaosema kwamba swala ya mwanamke nyumbani kwake ni bora, basi vipi mnamtoa? Hadithi hiyo twaikubali. Lakini wanawake walioomba siku yao kwa Mtume ni wale wale waliosikia hadithi hiyo, na Mtume mwenyewe amekataza kuwazuia waja wa kike wa Mwenyezi Mungu wasiende misikitini. Tena mambo haya ni mawili. Swala aweza kuisali nyumbani ikatimia. Elimu iliyo faradhi juu yake, kama hakuna wa kumsomesha nyumbani, haitamjia yenyewe.

Imam Ghazali, katika Ihya, amelieleza jambo hili kwa uwazi. Mume akimsomesha mkewe yanayomlazimu, au akimuulizia kwa wanazuoni na kumletea jawabu, basi mke hana haja ya kutoka. Asipofanya hivyo, mke ana haki ya kutoka akaulize, na mume akimzuia amepata dhambi. Basi kila mume ajitazame. Ikiwa usiku wa jana umemsomesha mkeo mlango wa tohara au wa zaka, Mwenyezi Mungu akulipe, na kaa naye. Ikiwa sivyo, mpe nauli.

Wengine wataogopa mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Hofu hiyo ina haki yake, na imezingatiwa. Milango ni miwili, viti na mikeka ya kina mama ni upande wao, na wanaokwenda wataondoka mapema, jua lingali juu. Kwa hakika kikao cha mchana kina salama zaidi kuliko cha usiku, pale mama anaporudi saa nne juu ya bodaboda, na nauli ni mara mbili ya mchana.

Namna ya kuwaweka

Saa zenyewe zimechaguliwa kwa ajili ya kazi za watu. Asubuhi mama ana nyumba, na mfuma makuti ana kazi yake. Mama karanga huanza kukaanga samaki wake alasiri ili auze magharibi. Jumapili watoto hawako shule na baba wengi wako nyumbani. Saa za mchana baada ya Adhuhuri ndizo zilizobaki. Wafanyao kazi za hoteli kwa zamu tunajua hawatapata wote, na kwao muhtasari wa kila kikao utatolewa katika gazeti.

Vikao vitatu vya kwanza vitafanywa katika kumbi na vyumba vya madrasa, na havitakuwa ndani ya msikiti. Hilo pia ni kwa makusudi. Mwanamke aliye katika udhuru wake asikose elimu. Ummu Atiyya (r.a.) amesimulia kwamba waliamrishwa siku ya Idi wawatoe hata wenye hedhi na wanawali wa ndani, wahudhurie kheri na dua ya Waislamu, na wenye hedhi wajitenge na mahali pa kusalia tu. Mmoja akauliza, na asiyekuwa na jilbabu? Akajibiwa kuwa mwenzake amvike. Maana yake ni kwamba asikose kwa kukosa nguo, na sisi twaongeza, asikose kwa kukosa nauli. Wanachama wa mtaa mmoja wachangiane gari.

Upande wa kina mama utakuwa na spika yake na mikrofoni yake. Swali la kwanza katika kila kikao litatoka kwao. Anayeona haya kusema ataandika, na mwalimu wa kike atamsomea bila ya kutaja jina. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, nasi twapenda wanawake wa Kikwale wapate sehemu katika sifa hiyo. Watoto waje. Patakuwa na mkeka wao na msichana wa kuwaangalia, na mtoto akilia asikodolewe macho mama yake, kwani Mtume (s.a.w.) alikuwa akisikia kilio cha mtoto huifupisha swala yake kwa kumwonea mama huruma. Msemaji wa kawaida naye aweza kunyamaza nusu dakika.

Patakuwa na chai, mahamri na mbaazi. Tunawaomba wanaume wa kamati wapike na watumikie wao wenyewe, maana mama akialikwa katika kikao kisha akawekwa jikoni, hajaalikwa.

Kwa wanaume, na kwa kina mama

Ndugu yangu mwanamume, kikao hiki ni chako pia. Keti, sikiliza, uliza. Lakini ukiona mkono umenyanyuka upande wa pili na wako umenyanyuka, uteremshe wako kwanza. Wewe una Isha ya leo, una Alfajiri ya kesho, na una baraza ya kahawa ambapo sheikh hupita kila siku. Yeye ana Jumapili hii.

Nanyi mama zangu na dada zangu, anzeni kuandika maswali yenu tangu leo. Msiyachague yaliyo mazuri ya kusikilizwa. Yaandikeni yale yanayowanyima usingizi: juu ya eda, juu ya dhahabu mliyowekewa na mama zenu na zaka yake, juu ya mtoto wa kambo, juu ya shamba. Na yule mama aliyeleta karatasi mbili kwa mkono wa mwanawe, kama gazeti hili linafika kwake, basi ajue kwamba safari hii kikao kitakwisha jua lingali juu, na swali la tatu lina nafasi yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.) avijaalie vikao hivi viwe vya manufaa, atupe ikhlasi katika kusema na katika kusikia, awarehemu wanazuoni wetu waliotutangulia, na awape subira na malipo mema kina mama wote waliozika watoto wao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.